Mbatata za Kuponda za Watu 60

Mimi ni mpishi wa kachori na katlesi. Asubuhi nachemsha mbatata, naziponda, natia ndimu, thomu na pilipili, na ikifika alasiri karai liko motoni na watoto wa madrasa wamejazana kibarazani kwangu Kisauni. Kwa hivyo mteja mmoja aliponiuliza kama naweza kumpikia mbatata za kuponda za watu 60, nilicheka. Nikamwambia, "Dadangu, kuponda mbatata ndiyo kazi yangu ya kila siku." Maneno hayo yalinitokea puani.

Mwenye shughuli alikuwa mwalimu anayestaafu. Yeye mwenyewe mtu wa Mombasa, mumewe wa Nyeri, na nusu ya wageni wangeshuka na treni kutoka bara. Biriani hakutaka, alisema watu washaichoka (sikubishana naye, ingawa mtu aliyeichoka biriani bado sijamwona). Alitaka kuku wa kuoka, mchuzi mzito, kachumbari, na pembeni mbatata laini "kama zile za hotelini, ukizipitisha kijiko mistari inabaki." Wakwe zake walijitolea kupika mukimo, akakataa kwa adabu. Mukimo naujua: mbatata, mahindi, minji na majani ya malenge, vyote vinapondwa pamoja kwa mwiko. Donge likibaki humo hakuna anayelijua, punje za mahindi zimelificha. Kachori ni vilevile: donge limevishwa unga wa dengu, likakaangwa, nani ataliona? Hizi alizozitaka yeye zinakaa uchi kwenye sahani.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe nikapika kilo 2 za kujaribu. Nilichotaka ni ulaini, na njia fupi niliyoiona ni blenda. Yangu ilikufa zamani, nikaazima ya jirani. Mbatata nikazimwaga humo zikiwa na mvuke, nikatia maziwa ya friji, nikawasha. Ikanguruma, ikakwama. Nikaongeza maziwa, ikazunguka tena. Nilipofungua kifuniko na kuchovya kijiko, kilitoka na uzi mrefu, kama mlenda wa bamia ila mzito zaidi, na rangi imeelekea kijivu. Baba watoto akaonja. Akatafuna, akatafuna tena, kisha akaniuliza kama uchaguzi umekaribia, maana hapo pana gundi ya kubandikia mabango mtaa mzima.

Aliposema gundi nikaelewa nilichofanya. Udogoni tulikuwa tukitengeneza tiara kwa magazeti na chelewa za fagio, na gundi yetu ilikuwa uji: unga kidogo, maji, moto, koroga mpaka unate. Wanga ukishapikwa na maji ndivyo ulivyo. Mbatata nayo imejaa wanga, ila umefungiwa ndani ya vichembe vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukiiponda taratibu vichembe vinaachana vikiwa vizima, na mdomoni unasikia kitu laini, kama ungaunga. Kisu cha blenda hakiviachanishi, kinavipasua. Wanga unamwagika nje, unakutana na maji na moto, na hapo umeshapika gundi ya tiara. Na ikishakuwa gundi hairudi nyuma. Nilitia siagi, ikawa gundi yenye siagi. Mwisho wake zikawa chakula cha kuku wa uani, na hata wao walizila kwa kusita. Blenda niliirudisha kwa mwenyewe nikiwa nimeiosha mara tatu.

Binti wa dadangu anasomea upishi Nairobi. Nikampigia simu jioni ile. Swali lake la kwanza halikuwa nilipondaje. "Mama mdogo, ulinunua mbatata gani?"

Mbatata ni mbatata, nikamjibu. Akanicheka kama nilivyomcheka yule mwalimu.

Ukienda soko la Kongowea nyingi utakazozikuta ni Shangi, zile za ganda jeupe na macho yaliyopiga wekundu kidogo. Zinaiva upesi, ndiyo maana wauza chakula tunazipenda, lakini usipoziangalia zinafumuka na kunywa maji. Ziko nyingine za ganda jekundu, wenyewe wanaziita Dutch Robijn, zinazotafutwa sana na watengenezaji wa krispi kwa sababu ni kavu. Binti akanifundisha jaribio la maji ya chumvi: kikombe 1 cha chumvi kwa vikombe 11 vya maji, koroga, tumbukiza mbatata mbichi. Inayozama ina wanga mwingi, hiyo hupondeka vizuri. Inayoelea ina maji mengi, hiyo iache kwa mchuzi, maana haivunjiki. Nilijaza beseni nikafanya kweli, na watoto wote wa uani wakaja kutazama. Zangu nyekundu zilizama zote. Shangi ziligawanyika, na zilizoelea ndizo zile changa ambazo ganda lake linatoka kwa kusugua na kidole gumba. Nikaamua kununua nyekundu, kilo 15, na nikachagua moja moja, maana magunia yakishafunguliwa yanapigwa na jua na mbatata zinageuka kijani. Za kijani zina sumu na uchungu, wala si za kumpa mgeni. Muuzaji alininunia. Akanune.

Kuchemsha nako nilikuta nina desturi mbaya ya miaka. Nilikuwa nasubiri maji yachemke ndipo nitie mbatata, kwa hivyo nje zinafumuka na ndani moyo bado mgumu, na ule moyo mgumu ndio donge lenyewe. Sasa nazikata vipande vilivyolingana, ukubwa wa ndimu, nazitia kwenye maji baridi yenye chumvi, halafu ndipo nabandika. Zinapata moto pamoja, nje na ndani. Baada ya dakika 20 hivi tangu zianze kuchemka kisu kinapita bila kusukumwa. Namwaga maji yote, narudisha sufuria juu ya moto mdogo bila kifuniko, natikisa dakika 3. Mvuke unapanda, kingo za vipande zinaanza kuwa nyeupe kama zimenyunyiziwa unga. Bibi yangu alikuwa akizitandaza kwenye ungo mpaka zikauke, kwa sababu kachori yenye maji hupasuka kwenye mafuta. Mimi mwenyewe hufanya hivyo kila siku kwa kachori. Sijui kwa nini siku ile ya blenda nilisahau; nadhani jina la hotelini lilinipumbaza nikaona ni chakula kingine.

Kuponda: mchi mfupi, kushuka na kupanda, wala si kukoroga. Kisha nikazipitisha kwenye chekeche la waya, nikizisukuma kwa mgongo wa upawa zikiwa bado za moto. Zikipoa hazipiti bila vita. Zinazoshuka upande wa chini ni nyuzinyuzi nyepesi, nyeupe, kama tambi zilizokatikakatika, na niseme kweli, nilisimama nikazitazama. Siagi nikaitangulia kutia, maziwa baadaye. Siagi inauvika wanga mafuta, maji ya maziwa yakija hayaushiki kwa urahisi. Na maziwa yawe ya moto, yanayokaribia kuchemka. Ya baridi yanazipoza, zinajikaza.

Binti aliniambia kuna mpishi Mfaransa, Joël Robuchon, aliyepata sifa dunia nzima kwa mbatata za kuponda, naye alitia robo kilo ya siagi kwa kila kilo ya mbatata. Nikapiga hesabu ya kilo zangu 12 baada ya kumenya, nikaona siagi ingemla mwalimu pesa kuliko kuku. Nilitia kilo 1 ya siagi kwa zote, na maziwa karibu lita 2, kidogo kidogo, mpaka kijiko kilipoacha mistari. Mfaransa asingenipa kazi, lakini mwalimu alionja ya majaribio akafumba macho.

Siku ya shughuli nilianza saa nne asubuhi kwa ajili ya chakula cha saa saba. Nilizipika kwa mafungu manne, kwa sababu sufuria moja kubwa inafumua za chini na kuacha za juu zikiwa mbichi. Mwanangu wa kiume alishika chekeche. Kufikia fungu la tatu alikuwa anabadilisha mikono kila dakika na kuniuliza kwa nini sikusomea ushonaji.

Kazi niliyoiogopa zaidi ilikuwa kuzishikilia zikiwa moto. Mbatata za kuponda zikipoa zinakuwa kama nta, na kwa joto la Mombasa chakula chenye maziwa hakiachwi hivi hivi mezani. Nikaweka kila sufuria ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, moto wa chini kabisa, na juu ya mbatata nikamwagia maziwa ya moto kidogo bila kukoroga, yazuie utando. Wakati wa kupakua unachanganya mara moja, basi. Fungu la mwisho nilisahau kuongeza maji ya nje, chini pakashika. Sikukwangua. Nilipakua za juu, pale chini nikapaacha na siri yake.

Fungu moja sikulitia maziwa. Nilitia tui zito la nazi mbili, siagi kidogo tu, na ndimu mwishoni. Tui nililipasha bila kuliacha lichemke kwa nguvu, maana lingekatika na kutoa mafuta. Hili halikuwa kwenye makubaliano, lilikuwa la kwangu.

Nilipakua kwa upawa wa kifuu. Kifuu kinatoa umbo zuri la mviringo, halafu mgongo wake unabonyeza kishimo katikati, mchuzi unakaa humo bila kukimbilia kwenye kachumbari. Mzee mmoja wa bara akatazama sahani yake, akaitazama tena, akaniuliza, "Mama, na mahindi yako wapi?" Nikamwambia yamebaki Nyeri. Akacheka, akala, akarudi na sahani ileile. Bibi mmoja wa Mji wa Kale alijaribu kuzimega kwa vidole kama ugali, zikamteleza, akaomba kijiko. Baadaye akaniita kwa mkono. "Mwanangu, hiki chakula cha wasio na meno."

Nikaanza kujitetea.

"Sasa unaniambia nini, na mimi sina? Niongezee zile za nazi."

Za nazi ndizo zilizokwisha kwanza. Za maziwa zilibaki kama kilo 2, na mwalimu akanifungashia nirudi nazo. Nikazitia frijini usiku, na asubuhi uchoyo ukaniingia: mbatata zimeshapondwa, laini, kwa nini nichemshe nyingine? Nikazitia thomu na pilipili, nikafinyanga mabonge, nikayavika unga wa dengu. Bonge la kwanza lilizama kwenye mafuta, likatulia kidogo, likapasuka. Maziwa na siagi vilikuwa humo ndani bado. Mafuta yaliruka mpaka ukutani, na yaliyofuata matatu yakayeyuka kabisa, karai likajaa chembe nyeusi. Nikazima moto, nikabadilisha mafuta, nikamtuma mtoto dukani akalete rangi ya manjano. Siku ile wateja wangu wa kibarazani walikula viazi karai.