Siku moja maishani mwangu: "Binti, kompyuta imenikatalia"

Mama yangu yuko Korogwe, na akiulizwa mwanao anafanya kazi gani Dar anajibu: "Anafundisha watu kukodi." Kukodi nini, hajui. Jirani yake aliwahi kunipigia kuuliza kama naweza kumtafutia bajaji ya mkataba. Nimeshaacha kusahihisha.

Ninachofanya ni kuuza masomo ya kuandika programu za kompyuta, ile wanayoiita "coding", kwa Kiswahili, mtandaoni. Sina mfadhili, sina ofisi, sina mwajiriwa. Mtaji ulikuwa milioni moja na laki nane za mchezo tuliokuwa tunacheza na wenzangu kazini. Zamu yangu ilipofika nikapokea, nikaandika barua ya kuacha kazi. Mtaani wanajua nashinda ndani nimelala. Basi hii hapa Jumanne iliyopita.

Saa tisa na nusu usiku simu inalia, naamka. Narekodi muda huu kwa sababu ndio pekee ambao Tabata inanyamaza. Bodaboda hazijaanza, fundi wa mageti hajawasha mashine yake, jogoo wa Mama Rehema hajaamua kama kumekucha. Godoro dogo nimelisimamisha ukutani lizuie mwangwi. Feni nimeizima, maana maiki inaisikia feni kuliko inavyonisikia mimi. Kwa hiyo ile sauti tulivu inayokufundisha lupu, yaani kuiambia kompyuta irudierudie kazi, ni ya mtu anayetiririka jasho amevaa kanga moja. Somo la dakika kumi na mbili linanichukua saa nzima na nusu. Adhana ya alfajiri ikianza, nimemaliza sijamaliza, nafunga.

Saa kumi na mbili nakata makosa kisha naibana video kwa ffmpeg, programu ya bure. Ya leo ilikuwa MB 180, nikaishusha hadi 30. Wanafunzi wangu wengi wananunua bando la siku. Somo likimeza bando lote, kesho humwoni mtu. Picha inafifia kidogo, ila maandishi nayaweka makubwa kama ya bango la duka la dawa.

Saa mbili mpaka saa nne ni chai, meseji na miamala. Mfumo wangu wa malipo ni mimi mwenyewe: mtu analipa kwa lipa namba, ananitumia picha ya ujumbe, nalinganisha na wangu, namfungulia akaunti. Yupo aliyenitumia ujumbe wa kununua umeme wa mwezi uliopita akidhani sitasoma.

Saa nne na dakika kumi ikaingia simu kwa namba nisiyoijua.

"Shikamoo," nikasema, maana sauti ilikuwa ya mtu mzima.

"Hiyo shikamoo iweke kwanza. Wewe ndiye binti wa video?"

Nikakubali.

"Umeniuzia kitu kibovu. Elfu thelathini na tano yangu. Nimefuata neno kwa neno, kompyuta imenikatalia."

"Pole, mzee wangu. Ni kompyuta ya aina gani?"

"Hii hii ninayokupigia."

Hapo nikajua asubuhi imekwenda. Mzee anaandikia programu kwenye simu ile ile tunayoongelea. Nikimwambia anisomee mstari wa tatu anasema ngoja, anakata, anakwenda kuangalia, anapiga tena, ameshausahau. Nikamwelekeza aweke sauti ya nje ili aangalie huku tunaongea. Akabonyeza cha pembeni, akajizima sauti, dakika nne nzima namwita "mzee, mzee" kama niliyepotelewa na mbuzi. Dakika zake zikaisha. Nikampigia kwa zangu. Nikamwomba picha ya skrini. Akaazima simu ya mjukuu, akaipiga picha simu yake, ikaja, na kidole gumba kimefunika mstari mmoja tu, ndio huo niliokuwa nautafuta.

Wakati huo watu watatu wameshalipa na wanasubiri kufunguliwa, mmoja ameanza kuandika "TAPELI" kwa herufi kubwa. Nami sauti inabidi ibaki ya asali. Nikamwambia mzee labda kuna mahali aliruka kitu wakati wa kunakili, na hapo ndipo nilipokosea.

"Binti, mimi nimeweka vitabu vya hesabu miaka thelathini. Usinifundishe kunakili."

Picha ya pili ikaja bila kidole. Nikaikuza. Mstari wa kwanza ulianza na Print, P kubwa.

Ukiandika kwenye simu, mwanzo wa mstari simu inakuwekea herufi kubwa yenyewe, kwa hisani. Mzee aliandika print kama nilivyoandika mimi, simu ikamsahihishia, hakuona. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu ninayofundisha, hayo ni maneno mawili: print inaijua, ni amri ya kuonyesha maandishi, Print haijawahi kuisikia, inakutupia NameError, yaani "jina hili silijui", na kusimama. Saa nzima na dakika hamsini kwa ajili ya herufi moja.

Nilipomweleza akanyamaza kidogo. "Aliyeitengeneza hii lugha ni mtu wa wapi?"

"Mholanzi, mzee. Guido van Rossum. Aliitoa mwaka 1991."

"Na akaipa jina la chatu."

Nikamwambia si chatu yule, ni kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Hakucheka.

"Mwaka 1991 mimi naandika leja kwa mkono," akasema. "Ukikosea tarakimu moja, mkaguzi hakuachi. Sasa huyu naanza kumwelewa." Halafu, kabla ya kukata: "Marahaba."

Nilikaa na simu mkononi. Nilikuwa nimemwambia kosa ni la simu. Lakini lile somo alilokuwa analifuata, la tatu, nililirekodi kwenye kompyuta yangu, ambako herufi haijigeuzi, nikawauzia watu ambao wengi wao wana simu tu. Nikapekua meseji za nyuma: walioniandikia "haikubali" baada ya somo la tatu, kisha wakapotea, ni kumi na mmoja. Nilishawahukumu kuwa ni wavivu.

Baada ya hapo saa sizikumbuki kwa mpangilio. Nilifungua akaunti za wale watatu na kuomba radhi. Nilikula ubwabwa wa jana nimesimama. Umeme ulikatika ile saa fundi wa mageti naye alikuwa amechachamaa, nikapata dakika arobaini za kimya katikati ya mchana na betri ya kompyuta asilimia kumi na nne, raha isiyo na faida. Ikaja bili ya seva, kompyuta ya mbali yanakokaa masomo yangu, ambayo ni ya dola, nami nakusanya shilingi. Nikafanya hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Sikukosea. Mwezi huu nitabakiwa na kidogo kuliko mshahara ule niliouandikia barua. Rafiki yangu akanitumia tangazo la kazi, "just in case" anasema, nikamjibu kwa kikatuni cha kucheka, ila tangazo sikulifuta.

Usiku nilikuwa na darasa la moja kwa moja. Walijiandikisha arobaini, wakaingia tisa, wawili wakiwa kwenye daladala. Dada mmoja wa Mwanza anayeuza vitenge alituonyesha programu yake ya kukokotoa bei ya jora ukikata kwa mita. Majina yote ya vigeu, yaani ya thamani anazozitunza kwenye programu, ni ya Kiswahili: bei, mita, jumla. Ilikubali mara ya kwanza. Nilimfanya aiendeshe tena, si kwa ajili ya darasa.

Kama saa tano hivi, godoro likiwa limerudi kitandani, nikaliinua tena likasimama ukutani. Somo la tatu linaanza upya, na safari hii nafundisha nikiwa na simu: kwanza ingia kwenye mipangilio ya kibodi, zima herufi kubwa za kujiweka. Nilikuwa sijabonyeza rekodi ujumbe wa mzee ukaingia. Yeye ni mweka hazina wa kikoba chao, kumbe hilo ndilo lililomleta kwenye programu, anataka imgawie hisa. Picha imepigwa vizuri, hakuna kidole. Mstari wa pili kaandika hisa, wa tano kaandika Hisa.

"Binti," kaandika, "amekataa tena huyu mkaguzi."

Nikamjibu: "Mzee wangu, linganisha mstari wa pili na wa tano." Nikazima feni.