Shilingi ya 1952

Mwaka 1993, nikiwa darasa la saba, nilimiliki kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu ambazo hazikuweza tena kununua kitu chochote. Zilikuwa za bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Tabora maisha yake yote, na siku aliponikabidhi kopo hilo mwishoni mwa likizo ya Juni alinifundisha kwanza majina yake: hii ni ndururu, hii ni sumuni, hii yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu ni senti kumi ya mkoloni, ambayo yeye na wenzake waliitunga katika uzi ili isipotee njiani kwenda dukani. Nyingi zilikuwa shilingi za Afrika Mashariki, zile zenye simba na milima nyuma yake, zilizoanza kutolewa mwaka 1921.

Niliporudi Dar es Salaam nilizipanga sakafuni karibu kila jioni, na kwa kuzitazama sana nikagundua jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Shilingi za Mfalme George wa Sita hazikuandikwa sawasawa. Zile za hadi mwaka 1946 zilikuwa na herufi IMP pembeni mwa kichwa cha mfalme. Zile za kuanzia mwaka 1948 hazikuwa nazo. Mwalimu wetu wa historia alinieleza kwamba herufi hizo zilimtaja mfalme kuwa pia mtawala mkuu wa India, na kwamba India ilipata uhuru mwaka 1947. Baadaye, katika kitabu kimoja nilichokipata Maktaba Kuu, nilisoma kwamba mabadiliko hayo yalikwenda pamoja na mengine makubwa zaidi: shilingi za kwanza zilikuwa na robo ya madini ya fedha, na hizi za baadaye ni mchanganyiko wa shaba na nikeli tupu. Tangu hapo niliweza kuzitenga hata kwa sauti, nikizidondosha moja moja kwenye saruji.

Sarafu moja tu ilinishinda. Ilikuwa ya Mjerumani, ya shaba ya manjano, imepigwa chapa ovyo kiasi kwamba upande mmoja ulikaribia kufutika. Ilionyesha taji, herufi D.O.A., yaani kifupi cha jina la koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, mwaka 1916, thamani ya heller 20, na chini kabisa herufi T iliyosimama peke yake. Mwalimu hakuijua maana ya T hiyo, na kitabu cha maktaba hakikuitaja. Nikaamua kwamba watu pekee watakaoijua ni wale wanaouza sarafu.

Katikati ya jiji palikuwa na duka lililouza vinyago, stempu za zamani na sarafu, na barazani pake alikaa fundi saa mmoja mzee na meza yake ndogo. Nilikwenda Jumamosi asubuhi, nimevaa shati la shule kwa kuwa ndilo lililokuwa safi kuliko yote, nikiwa na noti ya mia tano na ya mia mbili nilizoweka akiba, na ile sarafu nimeifunga katika leso mfukoni. Pamoja na kuuliza habari ya T, nilitaka kuiona rupia ya Mjerumani, ambayo bibi aliisimulia lakini kwenye kopo haikuwamo.

Nilimwamkia mwenye duka, "Shikamoo mzee." Hakuitikia. Aliuliza ninataka nini, na nilipomweleza, akauliza, "Una hela?"

Sikujua wakati ule kwamba neno hilo lenyewe lilitokana na heller, jina la sarafu niliyokuwa nayo mfukoni. Nilimwonyesha noti zangu mbili. Akasema rupia si kitu cha watoto, nisimame mbali na nisiguse kioo. Nikasimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama mtu aliyepewa adhabu.

Muda si mrefu wakaingia watalii wawili, mume na mke. Hao waliletewa viti. Bakuli zima la sarafu lilimwagwa mbele yao juu ya kitambaa cha kijani, wakaachiwa wazishike watakavyo, na mume alizisugua kwa kidole gumba usoni kabisa, jambo ambalo mimi, mtoto niliyekatazwa kugusa kioo, nilikwisha kujizuia kulifanya, kwa sababu sarafu hushikwa kwa ukingo. Mwenye duka akainua shilingi moja na kuwaambia kwa Kiingereza kwamba ni fedha safi. Neno la Kiingereza la fedha nililifahamu. Nikasogea hatua moja, nikaona mwaka: 1952. Pembeni mwa kichwa hapakuwa na IMP.

Nilisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, nikidhani namsaidia: "Samahani mzee, hiyo ya 1952 haina fedha. Zenye fedha zinaishia 1946."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani aliyeniita. Akasema watoto kama mimi huingia dukani kuiba, na akaniamuru nitoe vyote nilivyokuwa navyo mfukoni. Nilitoa noti, nikatoa leso, na leso ilipofunguka sarafu ya bibi ikaonekana mbele ya watu wote. Hadi leo naukumbuka woga ulioniingia, kwa maana nilikuwa nimesimama katika duka la sarafu, nina sarafu mkononi, na sikuwa na mtu wa kunitolea ushahidi.

Aliichukua, akaigeuza, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Hakusema kuwa ni yake. Aliporudi alivuta kigoda na kukiweka karibu yangu, akasema, "Kaa hapa, mwanangu. Umeipata wapi hii?" Nikajibu kuwa nimepewa na bibi. Akasema angenipa shilingi mia mbili, ingawa ni shaba tu.

Sarafu hiyo haikuwa adimu. Zilitengenezwa kwa wingi, na kwa miaka thelathini ambayo nimeendelea kukusanya nimeziona nyingine nyingi. Kilichoniumiza hakikuwa bei aliyoitaja. Ni kwamba kigoda kilikuwapo muda wote, na salamu yangu ingeweza kuitikiwa tangu mwanzo. Mtoto anayependa sarafu haombi kupunguziwa bei wala kupewa zawadi. Anataka aonyeshwe kitu na aambiwe ni nini, na dakika tano za namna hiyo zingetosha kunifanya mteja wa duka lile kwa maisha yangu yote, badala ya kulikwepa kila nilipopita mtaa ule.

Nilimwuliza, "T ni nini, mzee?"

"Haina maana," akasema. "Nikuongeze hamsini?"

Nikamwomba anirudishie. Alisita, na hapo ndipo yule fundi saa aliposema kutoka barazani, bila kuinua kichwa, "Mrudishie mtoto mali yake." Akamrudishia. Nilitoka nikiwa natetemeka, nikamwamkia fundi, naye akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu, hebu nione." Akaifuta sarafu taratibu kwa kitambaa, akaitazama kwa lenzi aliyokuwa akiibana jichoni, kisha akanieleza kwamba wakati wa vita vya kwanza meli za Waingereza ziliifunga pwani, sarafu kutoka Ujerumani zikawa hazifiki, na Wajerumani wakalazimika kujitengenezea zao humu humu nchini, katika karakana ya reli, kwa shaba chakavu na maganda ya mizinga. Ndiyo maana ilikuwa mbaya hivyo. Haikutoka Berlin.

"Umesema bibi yako anakaa wapi?" akauliza.

"Tabora."

Akaivua ile lenzi, akanipa mimi. "Haya, itazame tena hiyo herufi."