Nilivyopata IST ya mkononi isiyo na magumashi

Nimenunua Toyota IST ya mkononi hapa Dar, inanipeleka popote, na kwa kweli nimechoka na ule ushauri wa "Toyota haifi, we angalia bodi na kilomita tu". Kilomita zinarudishwa na fundi umeme kwa hela ndogo tu, mi sizisomi. Naangalia raba ya pedali ya breki, usukani na siti ya dereva. Raba imelika mpaka chuma kinaonekana halafu dashibodi inasema elfu 68, hapo unadanganywa mchana kweupe.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuikuta injini ikiwa ya baridi. Kuna moja ya silva kule Tabata, kila nikienda dalali kashaiwasha, eti "nilikuwa naitoa juani kaka". Inaunguruma vizuri, moshi hamna, eisii inagandisha, ila boneti ya moto. Nikamwambia sawa bosi, kesho saa kumi jioni nakuja na hela. Kesho yake asubuhi saa kumi na mbili na nusu niko getini kwa mwenye gari na fundi wangu, nikapiga hodi, akatoka mama mwenye nyumba, nikamwamkia shikamoo mama, nikamwambia naomba niione gari kabla sijaenda kazini, wala hakuwa na neno, akaleta funguo. Boneti nikaigusa, baridi kabisa. Fundi akakaa nyuma kwenye ekzosi, mi nikapiga stata. Ikaanza kugonga kwa mbele, kra kra kra sekunde kadhaa, hiyo ni taimingi cheni, mnyororo wa ndani ya injini, maana injini yake ya 1NZ haitumii mkanda wa raba, na cheni ikilegea kelele unaisikia zaidi asubuhi. Halafu ukatoka moshi wa bluu fundi akaanza kukohoa! Moshi huo ni oili inaungua, ringi za pistoni zimechoka au sili za valvu, na hiyo ya sili ikishapata moto inaweza kukata kabisa usione kitu. Ndo maana dalali alikuwa anaipasha. Jioni akanipigia, nikamwambia tu nimeshaiona.

Nyeusi moja ya Mbagala iliwaka safi, na bei ilikuwa chini sana ya wengine, kapeti mpya, inanukia. Hapo nikavuta mkanda wa siti, sio kidogo, mpaka mwisho wake kabisa. Huku juu msafi, kule ndani una mstari wa tope. Gari ilishazama kwenye mafuriko hiyo, na wanaosafisha huwa hawakumbuki mkanda. Umeme wake ungenisumbua mpaka niichukie.

Na fundi awe wako, usikubali wa kuletewa na dalali. Wangu nilimpa kama elfu 30 hivi na nauli. Funguo ukiweka on bila kupiga stata, taa ya injini lazima iwake, isipowaka huenda kuna mtu kaizima makusudi ili usijue ina tatizo. Fungua na kifuniko cha oili, ukikuta ute mweupe kama mtindi inaweza kuwa maji yanaingia kwenye oili, achana nayo.

Niliyochukua ni ya mwalimu mmoja Kimara, milioni kumi na kitu. Bodi ina mikwaruzo, wengi waliikataa kwa hiyo, mi ndo iliyonipa nguvu ya kushusha bei maana rangi ni ya kiwandani, haijapigwa puti ya kuficha mabonde. Tulipanda nayo milima ya kule gia zinaingia bila kushtuka, joto halipandi. Namba ya chesisi nilisoma mwenyewe kwenye chuma, inaanza na NCP61, nikalinganisha na kadi ya gari herufi kwa herufi. Ile namba ya gari nikaiangalia kwenye mfumo wa polisi trafiki, kukawa na faini hazijalipwa. Mwalimu akalipa palepale kwa simu, tukaandikishana mbele ya wakili, ndo nikatoa hela.