Kingine cha nini?

Ijumaa usiku, Chuno, Mtwara.

"Sasa anko, kingine cha nini?"

Ndivyo alivyosema mpwa wangu Jumapili, andazi mkononi, huku akifuta kwenye karatasi ya mhusika wake wa mchezo wetu wa dadu kila alichonunua na kuandika kitu kimoja mara sita. Nikamjibu, "Kunywa chai yako." Tangu hapo mahari ya mdogo wetu imepelekwa na kupokelewa, jenereta ya dukani imekufa na kufufuka, na mimi bado niko kwenye lile andazi.

Mnaofuatilia mnaijua meza yetu ya mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu: Dungeons & Dragons, toleo la tano, kanuni za 2014, wahusika wanne wa daraja la tatu, mimi naongoza. Kitu chenyewe ni chupa ya mafuta ya ganda la korosho. Nilitaka kitu cha alkemia kinachonuka kwetu, kisiwe asidi iliyobadilishwa jina. Nikaandika: sarafu 40 za dhahabu, unarusha hadi futi 20, ukimpata adui anaungua dadu 2 za pande 4 (jumla yake inatolewa kwenye uhai wake) kila zamu yake inapoanza, mwendo wake unapungua nusu, na moto ukimgusa anaongezewa dadu 1 ya pande 6. Nikaridhika kabisa. Zimwi lenye alama 59 za uhai likaanguka raundi ya tatu, wenzetu wakirudi nyuma na kurusha, wakirudi nyuma na kurusha, rungu lake halijamgusa mtu.

Ningekuwa nimefungua ukurasa wa bei kwanza, nisingefika huko. Asidi ni sarafu 25: dadu 2 za pande 6, wastani wa 7, mara moja, basi. Moto wa alkemia ni sarafu 50: dadu 1 ya pande 4 kila zamu, wastani wa 2.5, na aliyewaka anaweza kutumia tendo lake moja la zamu kuuzima, kipimo cha wepesi 10 (dadu ya pande 20 pamoja na wepesi wake zifike 10). Nguvu ya moto ule haiko kwenye ile 2.5. Iko kwenye lile tendo: adui anayejipangusa hapigi mtu. Yangu ilikuwa na wastani wa 5 kila zamu, mara mbili ya moto wa alkemia, rahisi kwa sarafu 10, na haikuwa na njia ya kutokea. Zamu tatu ni 15. Zaidi ya hayo sikuandika neno hata moja kuhusu chupa mbili kwenye mwili mmoja, kwa hiyo zikajumlishwa, na mimi kwa ubishi wangu nikaziacha zijumlishwe.

Na mtoto hakuwa analalamika, hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa anafurahi! Kitu dhaifu kikiingia dukani kinasahaulika, hakimdhuru mtu. Kikizidi nguvu kinaua rafu nzima: asidi, moto, maji matakatifu, vyote vinageuka mapambo. "Kingine cha nini?" Hakuna. Nilipaswa kumwambia hakuna, umenipata, lete hiyo karatasi. Nikamwambia anywe chai.

Jumatano nikafyeka. Nikaondoa madhara ya kila zamu, nikaondoa mwendo, nikabakiza moto peke yake: aliyepakwa mafuta akiguswa na moto anaongezewa madhara. Safi, fupi. Kisha nikakumbuka mafuta ya taa ya kawaida, yale ya sarafu 1 ya fedha. Kwa kanuni zilezile, aliyemwagiwa mafuta hayo akiungua kabla hayajakauka, yaani ndani ya dakika 1, anaongezewa 5. Dhahabu 1 ni fedha 10. Chupa yangu moja ingenunua chupa 400 za mafuta ya taa. Nikafunga daftari, nikalala na hasira.

Dawa ilitoka kwenye karai. Mnajua akina mama wanavyobangua hapa nyuma: korosho mbichi kwenye karai lililotobolewa, moto mkali chini, maganda yanaanza kutema, yanalipuka miale, moshi mweusi unaingia machoni, kisha zote zinamwagwa chini na kufunikwa mchanga. Hakuna anayemwaga maji. Na kabla ya kugonga ganda, mikono inapakwa mafuta au majivu. Kwa nini mikono? Kwa sababu ndani ya ganda, kati ya tabaka la nje na la ndani, kuna vitundu kama sega la nyuki vilivyojaa mafuta yenye asidi anakadi na kadoli, na mafuta hayo yanatoa malengelenge. Ni ukoo mmoja na mwembe. Aliyewahi kumenya embe bichi kwa meno anaujua utomvu wake mdomoni.

Mimi nilikuwa nahesabu uhai wa zimwi, kumbe chupa inatakiwa imshike zimwi mkononi. Asidi inakula uhai, moto unakula tendo, na hii itakula pigo. Rafu ile haikuwa na kitu cha namna hiyo, na ghafla ule mdomo wa mpwa wangu ukaanza kunifurahisha.

Nikaanza vibaya hata hivyo. Niliandika: rusha, ukimpata apime ustahimilivu wa mwili 12, akishindwa ndipo aumuke. Hiyo ni milango miwili. Kwa mtupo wa chupa huongezi ujuzi wa silaha, ni wepesi wako tu. Mwenye +3 dhidi ya kinga 11 ya zimwi (namba ya kufikia kwa dadu ya pande 20 na nyongeza) anahitaji 8 au zaidi, yaani asilimia 65. Zimwi lina +3 ya mwili, linashindwa kipimo cha 12 kwa asilimia 40. Zidisha: 26. Robo tu ya chupa zingefanya kazi, na mchezaji akikosa mara tatu mfululizo hainunui tena. Mlango mmoja unatosha kuingilia. Wa pili uwe wa kutokea.

Kwa hiyo sasa imekaa hivi. Uzito ratili 1. Tendo moja, futi 20. Ukimpata kiumbe mwenye ngozi hai, mikono inaumuka papo hapo: pigo lake la kwanza la silaha ya kushika katika kila zamu, anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua ndogo. Mwisho wa zamu yake anapima mwili 12, akiweza, yamekwisha. Akitumia tendo kujisugua majivu au mchanga, yamekwisha bila kupima. Maji hayasaidii. Chupa ya pili haiongezi kitu. Akiungua ndani ya dakika 1 anaongezewa 5 kama mafuta ya taa, lakini mafuta yameteketea, na malengelenge yanaondoka nayo. Mchezaji achague mwenyewe: amchome au amwache ashindwe kushika rungu.

Neno "la kwanza" lisiondolewe. Bila hilo, adui anayepiga mara tatu kwa zamu anaumizwa mara tatu na chupa ileile, na daraja la juu utarudi kwenye andazi. Mifupa inayotembea haiumuki, hiyo waachieni maji matakatifu. (Malengelenge ya kweli huchukua saa nyingi, hata siku. Najua. Zimwi halina siku.)

Bei nilitaka 50. Hesabu ikakataa. Rungu la zimwi lina wastani wa 13, na +6 yake humpata mwenye kinga 16 kwa asilimia 55. Kwa dadu ndogo ya mbili inashuka hadi 30. Umeokoa uhai 3.2 kwa zamu. Zimwi linahitaji kama zamu 1.67 kupona, ni 5.4, ukikumbuka chupa inampata mara 65 kwa 100, inabaki 3.5. Asidi ya 25 kwa mtupo uleule ni 4.55. Basi 25, isizidi. Kuitengeneza ni siku 5 kwa sarafu 5 kwa siku, na vifaa vya sarafu 12 na nusu. Jana niliijaribu kwa dadu pale kaunta kati ya mteja na mteja. Mmoja akaniuliza hizo dadu ni za bahati nasibu gani, akitaka namba.

Jumapili nitamwekea mpwa wangu karatasi mbele, nisiseme kitu, nione ataandika mara ngapi. Akiandika moja ya hii na moja ya asidi, nampa andazi langu.

Wingu limekaa upande wa Newala tangu alasiri. Mama kule alianika korosho za mwisho jana, hazijaingia kwenye magunia, na simu yake inaita tu, haipokelewi. Nimepiga mara ya nne sasa.