Wimbo wa Mtunzi, Tuzo ya Kapu

Miaka sita niliimba peke yangu na udi wangu, ala ya nyuzi, kwenye harusi na hoteli za Mji Mkongwe. Natunga usiku, watoto wakishalala. Hoteli humlipa mtu mmoja, na humtaka aimbe zile nyimbo mbili tatu ambazo mgeni ameshazisikia. Zangu zilipita 20, na karibu zote hazikuwahi kutoka nje ya sebule yangu.

Wenzangu wanne walikuwa katika hali hiyo hiyo. Mmoja anapiga ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, mmoja fidla, mmoja gitaa, na wa nne katoka kwenye ukoo wa kidumbaki, taarabu ya mitaani ya ngoma ndogo, anapiga sanduku, yaani besi ya uzi iliyoundwa kwa sanduku la mbao. Kila mmoja anatunga na kuimba vyake. Tulijuana DCMA, chuo cha muziki kilichoanza 2002, tulipokuwa tukisoma katika lile jengo la zamani la forodha. Kwetu Zanzibar mwanamke kuimba si jambo geni. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, katoka Fumba, na 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Ila waliokaa na ala pembeni yake walikuwa wanaume, na desturi hiyo ikadumu sana. Bi Maryam Hamdani alipoanzisha Tausi, kundi la taarabu la wanawake, mwaka 2009, tukaona wanawake wameshika ala kwa mikono yao. Mimi niliyaona yale nikiwa na udi mapajani, sijui nianzie wapi.

Mwezi wa kwanza wa mazoezi hatukuwa kundi. Tulikuwa wanawake watano waliopanga foleni, kila mtu akingoja zamu aimbe zake tatu, wengine wanapiga makofi. Tukakubaliana kwamba hakuna kukaa bure: wimbo wa mwenzako lazima uushike kwa ala au kwa kiitikio.

Hapo gitaa likatuletea mtihani. Vyuma vya shingo yake vimeshaigawa sauti, na katika Rasti au Bayati, ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kuna sauti inayokaa katikati ya vyuma viwili. Mwenzetu wa gitaa akipiga, anagongana na udi wangu, ambao shingo yake haina vyuma. Tulipomwambia anyamaze kwenye nyimbo hizo alilia, akadhani tunamtoa. Ilichukua wiki kadhaa kuelewana. Ganuni ina vishikizo vidogo vya kupandisha na kushusha kila sauti, kwa hiyo ganuni inaweza kulifuata gitaa, lakini gitaa haliwezi kuifuata ganuni. Nyimbo zake basi tukazipanga juu ya gitaa, sisi tukamfuata. Zikija za Rasti anaweka gitaa chini, anashika cherewa, yaani manyanga, na kuongoza kiitikio. Siku hizi hakuna anayetikisa cherewa kama yeye.

Kabla ya safari ya kwanza tulikwenda nyumba kwa nyumba, mimi na mkubwa wetu, kuzungumza na waume na wazee. Nilijitayarisha kwa maneno mengi. Bwana mmoja akauliza swali moja tu: "Mtalala wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo jambo la kwanza tunalopanga ni malazi, kabla ya ukumbi, na tunalala kwenye nyumba za watu, si gesti. Jina la mwenye nyumba na namba yake ya simu vinaachwa kwa kila familia. Wa fidla alikuwa ananyonyesha, kwa hiyo mama yake mdogo akawa msafiri wa sita.

Tukaanza na Pemba, kwa meli ya usiku. Unyevu wa baharini ulilegeza ngozi za vidumbaki, ikabidi tuzikaushe kwa moto wa makuti uani, na ganuni yenye nyuzi zaidi ya 70 ikala saa nzima kutiwa sauti.

Chake Chake ukumbi ulijaa akina mama. Wa sanduku akaimba wimbo wake wa mke mwenza, na mama mmoja akainuka na noti, akafuata mwingine, na mwingine. Wanambandika usoni, wanamtia mkononi, wanageuka na kumtazama yule wanayemkusudia. Ilipofika usiku wa manane alikuwa na laki moja na arobaini. Mimi nilipata elfu thelathini. Wa ganuni, aliyepiga saa tatu bila kunyanyuka, hakupata hata senti, kwa sababu nyimbo zake mbili zilikuja mwanzo, watu bado wanaingia.

Nilisema tuzo, zile noti, ni ya aliyetunzwa. Ndiyo desturi, na niliamini hivyo. Wa ganuni akaniangalia: "Shoga, yale maneno yako yalipanda juu ya nini?" Usiku ule hatukulala vizuri, na melini tulirudi tumekaa mbalimbali.

Tulikutana tena baada ya siku kumi, na mkubwa wetu akaleta kapu la ukindu. Tuzo zote zitiwe humo, zigawanywe mafungu sita: matano yetu, la sita la safari. Ikabaki namna ya kulitumia. Mama aliyeinuka na noti yake ana ujumbe anaoupeleka kwa mtu ukumbini, huwezi kumwambia aitie kapuni. Basi mwimbaji anapokea kwa mkono wake, anamwitikia vilivyo, na wimbo ukimalizika anaitia kapuni mbele ya watu wote. Ukumbi unaona kwamba waliotunzwa ni watano.

Nyimbo zenyewe hatukuzichanganya. Kila mtu kasajili zake COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, kwa jina lake, na redio ikipiga, haki ni yake. Ndiyo maana hakuna aliyeogopa kumwachia mwenzake ubeti.

Mwaka uliofuata tulikwenda Tanga, tukaendelea kwa gari hadi mpakani Horohoro. Afisa wa forodha alitaka kila mzigo ufunguliwe, na mbele ya ganuni akauliza ni mashine ya nini. Mwenzetu akakaa pale pale kwenye benchi, akampigia. Tukavuka, tukapita Lunga Lunga, na magharibi tulikuwa juu ya kivuko cha Likoni.

Mombasa, Mji wa Kale, tulipiga mpaka saa nane usiku. Tukahesabu tuzo sakafuni kwa mwenyeji wetu, shilingi za Kenya upande huu, zetu upande ule. Fungu la sita lilinunua seti nzima ya nyuzi za ganuni. Kilichobaki kililipa nauli ya mama mdogo, kwani tangu Tanga yeye ndiye anayelibeba kapu.