Mzazi Kwenye Beseni

"Mama, hili joka linauma?" Mwanangu ananionyesha kwenye simu joka la baharini la kusini mwa Australia, lile linalofanana na kipande cha mwani kinachoelea. Nikamwambia haliumi, halina hata meno; linafyonza uduvi kwa mdomo wake mrefu, kutwa nzima, kwa kuwa halina tumbo la kuwekea chakula. Na dume ndilo linalobeba mayai, yamenata chini ya mkia. Hilo la dume alilikataa katakata. Mimi nikaenda kwa mawazo Mikindani, pwani ya utoto wangu, maana ndugu wa joka hilo nimemwona akizaa.

Yalikuwa maji ya bamvua, bahari imekupwa mpaka mbali. Wanawake walitoka na chandarua kutanda dagaa, sisi watoto tukibeba ndoo na kuchambua. Kwenye majani niliyoyatoa alikuwamo farasi wa baharini wa kahawia, mkia kauzungusha kwenye jani, tumbo limetuna. Nikamtia kwenye beseni lenye maji ya bahari.

"Mwanike juani huyo, ni pesa," mama mdogo akasema. Mnunuzi wa majongoo bahari alikuwa akipita, na farasi waliokauka aliwachukua pia. Walikuwa wakisafirishwa mpaka Asia kutengenezewa dawa.

Nilikuwa bado nimeinamia beseni. Alisimama wima majini, jicho moja likinitazama, la pili likizunguka kwingine kabisa, pezi la mgongoni likitetemeka kwa kasi nisiyoweza kuifuata. Ghafla akajikunja, akajinyoosha, akajikunja tena. Tumbo likafunguka tundu dogo, akaruka mmoja. Kimya kidogo. Akajikaza, wakatoka kundi zima, wadogo kuliko ukucha wangu, na kila mmoja kakamilika: mdomo, macho, mkia. Hawakuwa na jani la kushika, wakashikana wao kwa wao kwa mikia. Mzazi akapumzika akiwa ameegemea ukingo wa beseni, kisha akaanza upya. Nilimwita bibi kwa sauti iliyowageuza wanawake wote.

"Mke mwenzangu," bibi akaninong'oneza, "uzazi ni uzazi, hata wa samaki."

Akajitwika beseni mwenyewe, akatembea mpaka kwenye nyasi za bahari, akalizamisha taratibu. Mama mdogo alinuna mpaka magharibi.

Sote siku ile tulidhani ni jike. Ukubwani ndipo nilipojua: jike humwekea dume mayai kwenye mfuko wa tumbo, naye huyalea humo hadi yaanguliwe. Nilijua pia kwamba tangu 2004 biashara ya kimataifa ya farasi wa baharini iko chini ya CITES, mkataba wa mataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kwamba katika watoto wengi namna ile wanaofikia utu uzima ni wachache mno. Sijui kama bibi angepunguza hatua zake angejua haya. Nadhani hapana.

Mama mdogo bado analitaja. Anasema bibi aliwahurumia samaki akasahau daftari zetu, na ni kweli mwaka ule daftari moja nililigawa kwa masomo matatu. Simpingi. Ila akiniuliza ningefanyaje mimi, namjibu ningelibeba beseni, naye husema hayo ni maneno ya mtu aliyekwisha kushiba.