Nilivyowashindanisha bakteria sugu na wasio sugu

Muuguzi mmoja hapa Mwanza aliniuliza aliponiletea sampuli za mkojo, nyingi za wagonjwa waliotoka Ukerewe na Sengerema: "Kaka, hawa wadudu wakishazoea dawa, wanakuwa wakali zaidi au wanachoka?" Sikutaka kumjibu kwa kukariri. Nikaingia maabara.

Nilianza na E. koli, bakteria wa utumbo, wa aina ya mafunzo isiyoleta ugonjwa. Kwenye sahani ya kuoteshea yenye rifampisini, dawa ya kuua bakteria, wachache mno waliota. Hao jeni yao ya rpoB imebadilika, ile ya kimeng'enya kinachonakili jeni zote. Dawa haikishiki tena, ila mara nyingi kazi yenyewe ya kunakili hudorora.

Wengi hupima kasi ya kuota kwa kuangalia jinsi mchuzi, yaani maji ya lishe wanamoota, unavyopoteza uangavu kila baada ya muda. Umeme ukikatika, inkubeta, lile sanduku la kutunza joto, inapoa na vipimo vyote vinavurugika. Mimi nikawashindanisha. Unachanganya sugu na wasio sugu kwa idadi sawa katika chupa moja isiyo na dawa, unawaacha kwenye nyuzi 37 hadi kesho yake, kisha unapanda sahani mbili, moja tupu na moja yenye dawa. Kwenye tupu huota wote. Kwenye dawa, sugu peke yao. Toa idadi ya sugu kwenye ile ya wote, utajua nani kazidi. Baridi ikiingia inawapata wote. Njia hii naipenda mno, na ni rahisi kwa maabara kama zetu.

Sugu wapya wengi walishindwa. Lakini nilipoendelea kuwahamishia kwenye mchuzi mpya kila siku, bila dawa, baadhi walirudisha kasi yao na usugu wakabaki nao. Badiliko la pili hufidia hasara ya lile la kwanza. Hilo lilinitia hofu: kumbe kusitisha dawa peke yake hakuwamalizi.

Ukali ni jambo jingine. Stafilokokasi, bakteria wa jamii nyingine, wale wa koloni ndogo (vishada vidogo kwenye sahani), huota polepole, hustahimili dawa ya gentamisini, tena hujificha ndani ya seli na kumrudia mgonjwa mara kwa mara. E. koli wa kundi ST131, aliyeenea duniani, mara nyingi ana usugu wa dawa ya siprofloksasini pamoja na vishikizi vya kung'ang'ania kibofu. Muuguzi nilimjibu hivyo: sugu anaweza kuchelewa kuota na bado akaumiza.

Sasa narudia mashindano kwenye mkojo uliochujwa. Mchuzi wetu una lishe nyingi mno, na hasara ya usugu hubadilika kutegemea chakula wanachokikuta.